Mlango wa Chumba cha Mama

Kitale,
23 Novemba 2008

Kwa kaka yangu mkubwa Wekoye,

Pokea salamu zangu kutoka Kitale. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Wilkista na watoto wote, na kwamba mahindi mmeyaingiza ghalani kabla mvua hii ya kuchelewa haijayaozesha. Sisi huku hatujambo. Wapwa zako wamefunga shule na kazi yao sasa ni kunimalizia sukari. Cherehani yangu bado inanilisha, maana Januari haiko mbali na wazazi wameanza kuleta oda za sare. Gachanja mume wangu pia hajambo, ingawa hukuuliza.

Hapo nimemaliza heshima. Sasa nikujibu.

Barua yako niliipata Ijumaa kwa mkono wa Khaemba, yule anayenunua mahindi. Alinikuta dukani, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua ameshaisoma njia nzima kutoka Chwele. Simlaumu. Uliandika pale chini kwamba nakala zimepelekwa kwa chifu, kwa mchungaji na kwa wazee wa ukoo, basi naye akaona kama anastahili yake. Mtu aliyekuwa akikata simu zangu tangu Septemba kumbe ana wakati wa kukaa chini na kuandika nakala nne. Mimi hii naandika moja tu, ya macho yako. Ukitaka kuwasomea wazee ni juu yako, lakini nakushauri uimalize kwanza ukiwa peke yako.

Unasema tumemwiba Mama. Unasema analala chini ya paa la mkwe wake, aibu ambayo haijapata kuonekana katika ukoo wetu. Unasema Jumatano utakuja na wazee kwa pickup ya Absalom umrudishe nyumbani, na kwamba mume wangu asikanyage tena boma la marehemu Baba mpaka alete kondoo wa kutakasa aliyoyafanya mwezi wa nane. Alhamisi hii, Wekoye, Mama anaingia hospitali Eldoret kuwekewa kifaa cha kuusaidia moyo wake kupiga. Bila hicho kifaa moyo utasimama siku yoyote, akiwa anapepeta maharagwe au amelala. Kwa hivyo ukimrudisha Chwele kabla ya Alhamisi, anza pia kutafuta mahali pa kuchimba kaburi. Nimekuambia waziwazi ili usije kusema hukujua.

Na kwa kuwa umewaandikia watu wote habari za siku ile kwa namna unayopenda wewe, mimi nitakuandikia ilivyokuwa. Nilikuwepo. Ulikuwepo pia, lakini naona umesahau mengi.

Ilikuwa siku ya sherehe ya tohara ya mwanao Derrick. Tulifika asubuhi na mapema, mimi na Gachanja na watoto. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye hema la wageni, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, na hapo akabaki kama mkwe mwenye adabu. Hakupita karibu na jiko la Mama. Alipotoka Mama kwenda kisimani, Gachanja aligeuza kiti akatazama migomba. Watu walimcheka, ati mtu wa kule Kwanza, asiye wa kabila letu, amefundishwa akafundishika. Hujawahi kumsifu kwa hilo hata siku moja.

Mama alianza kushika kifua wakati wa chai. Wilkista akasema ni vidonda vya tumbo, akampa maziwa baridi. Shangazi akasema ni hewa, akamchemshia tangawizi. Wewe ulisema ni uchovu wa kupika kwa ajili ya umati. Nilipoingia chumbani kwake nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka na huku mwili ni wa baridi, anasema mkono wa kushoto umekuwa mzito na taya linamuuma. Nimeolewa na mtu anayefanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa moyo. Miaka yote hiyo namsikia akila chakula cha jioni na kusimulia habari za taya na mkono wa kushoto. Nilitoka mbio nikamwendea pale kwenye hema.

Gachanja alikuja, na hata hapo hakuingia. Alisimama sebuleni, akavua kofia, akakuomba wewe ruhusa. Nakukumbusha maneno yake kwa sababu umeandika kwamba alivamia. Alisema, kaka, nakuomba, dalili hizi ni za moyo, naomba nimguse mkono tu na nisikilize kifua chake. Wewe ulikuwa umesimama katikati ya mlango wa chumba cha Mama na ile fimbo yako ya mnada wa ng'ombe, umeilaza kutoka mwimo hadi mwimo kama unazuia ndama. Ulimwambia, "Wewe Gachanja, kwenu hakuna heshima? Huku kwetu mkwe haingii kwa mama mkwe. Enda ukakae."

Mila hiyo naijua, usinifundishe. Tulilelewa pamoja. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Gachanja hakuibishia hata kidogo. Alisema basi, kama yeye hafai kumgusa, mwite mwanamume mwingine yeyote wa ukoo ambebe, apelekwe Bungoma, na yeye atakaa mbele na dereva asimtazame. Aliona kila njia ya kukulindia heshima yako. Ukasema nani atambeba nyanya wa mtahiriwa mbele ya wageni siku ya sherehe, watu si watasema boma lina mkosi? Ukasema vidonda vya tumbo havijawahi kuua mtu. Nje vijana walikuwa wanacheza na njuga zao, vumbi limejaa ua mzima, na wewe ulikuwa unahesabiwa kama mwenye sherehe.

Nikuambie jambo ambalo Gachanja alilieleza pale sebuleni na ukakataa kulisikia. Moyo nao hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Damu ikiganda ndani ya mshipa mmoja, ile sehemu ya moyo iliyokuwa inategemea mshipa huo inakaa bila chakula, na kila unapochelewa inakufa kidogo kidogo, kama shamba la sukuma ambalo mtu amelizibia mfereji. Hospitalini kuna dawa ya kuwekewa kwa dripu, inayeyusha lile donge la damu na mshipa unafunguka. Lakini ni dawa ya kuwahi. Ukimpa mtu mapema unaokoa karibu moyo wote. Ukimpa jioni, unaokoa kilichobaki. Alikueleza hayo kwa upole, kwa Kiswahili, akarudia, mpaka nikamwonea haya mume wangu jinsi alivyokuwa anakubembeleza.

Hukutoka mlangoni. Jua likapanda, likaanza kushuka. Gachanja alinitilia kidonge cha aspirini kiganjani, nikapita chini ya fimbo yako nikiwa nimebeba bakuli la uji, nikampa Mama akitafune, kabla hajafumba macho na kulala kama aliyezimia. Daktari alisema baadaye kwamba kile kidonge kilifanya kazi kubwa. Kilipita chini ya mkono wako bila wewe kujua.

Na unakumbuka ni nini hatimaye kilichokutoa mlangoni? Chifu alifika. Ulisikia gari la chifu, ukajipangusa viatu, ukaenda kumpokea. Mama alikuwa anakufa na wewe ukaenda kumpokea chifu. Hapo ndipo Absalom alipoisogeza pickup yake mpaka kibarazani, mimi na Wilkista na shangazi tukamtoa Mama ndani ya blanketi, na Gachanja akakaa mbele kama alivyoahidi. Ulipotuona ulirukia nyuma gari likiwa linaondoka. Najua hukuja kumsindikiza Mama. Ulikuja kulinda mpaka.

Tulikuwa tumekaribia mji wa Bungoma wakati Mama alipotetemeka mara moja, macho yakageuka, pumzi ikakatika. Niliita jina la mume wangu. Gari lilikuwa halijasimama vizuri tayari ameshapanda nyuma. Alimlaza chali, akafungua vifungo vya blauzi yake, akaweka viganja katikati ya kifua cha mama yetu akaanza kukandamiza kwa nguvu, kwa nguvu kweli, mpaka nikasikia mfupa ukilia. Na wewe, Wekoye, wewe mtoto wa kwanza wa tumbo lile, ulimshika kola ukamvuta. Ulimvuta ili aache! Ulikuwa unapiga kelele kwamba anamvua nguo mama yako.

Ndiyo, nilikuuma. Umewaandikia wazee kwamba dada yako alikuuma mkono kama mbwa, na hilo ni kweli tupu, sina la kukanusha. Nasikia alama ya meno bado iko. Ulipouachilia ule ukosi Gachanja aliendelea kukandamiza, Absalom akaendesha kama mwenda wazimu, na hivyo ndivyo tulivyoingia getini. Siombi msamaha kwa kukuuma. Ningekuwa na meno zaidi ningeyatumia.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke, Jepkemboi, msichana mdogo tu ukimtazama. Alimfunga Mama vile vyombo kifuani, kwenye kioo tukaona moyo wake haupigi bali unachezacheza tu ovyo. Akatuambia tusiguse kitanda, akampa mshtuko wa umeme. Mwili wa Mama ukaruka. Akampa wa pili. Kisha ile mistari pale kwenye kioo ikajipanga, na Mama akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji. Nililia mbele ya watu wote. Wewe ulikuwa umesimama karibu na ukuta umeshika mkono wako.

Walipoanza ile dripu ya kuyeyusha damu, daktari Jepkemboi aliuliza maumivu yalianza lini. Nikasema tangu chai ya asubuhi. Akainua macho, akauliza kwa nini basi analetwa saa hizi, na Chwele ni pale tu. Gachanja alinyamaza, na yeye ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kusema. Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema gari lilipata pancha. Absalom alikuwa mlangoni, akatazama magurudumu yake manne mazima kisha akatazama chini. Mimi sijawahi kuona mtu akidanganya kwa uso mkavu namna ile, na nimeishi na wauza ng'ombe maisha yangu yote.

Mama alipona, lakini hakupona kabisa. Sehemu ya moyo ilikuwa imeshakufa tulipokuwa tukikuomba njia. Daktari alituambia kwamba moyo una umeme wake mdogo unaoupigisha, na kwa Mama, pale palipokufa ndipo umeme huo ulipokuwa unapita. Ndiyo sababu sasa moyo wake unakwenda polepole, unapiga, unasahau, unakumbuka tena. Ukisahau kwa muda mrefu, yeye anaanguka. Wakasema aende Eldoret akapimwe kwa ajili ya kifaa kidogo chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi hapa karibu na bega, na waya wake unafika hadi moyoni. Moyo ukisahau, kifaa kinaukumbusha. Gachanja akampangia siku.

Ukaifuta hiyo siku. Ulimchukua Mama kutoka hospitali ukampeleka Chwele, ukaita kikao. Wazee walikaa wakajadili kifua cha mama yangu kama wanajadili mpaka wa shamba: nani alikiona, kimeguswa wapi, kondoo awe wa rangi gani. Mama alikuwa chumba cha pili, anasikia. Ukaamuru asipokee dawa wala habari yoyote inayotoka kwa Gachanja mpaka atakaswe. Ulifanya haya na wewe ni mzee wa kanisa.

Na tusidanganyane kwamba ni mila tu. Mwezi wa kwanza, katika fujo za uchaguzi, nyumba ya baba mkwe wangu Mzee Kagwe kule Kwanza ilipochomwa, naye akalala kwenye ua wa kanisa na blanketi moja, wewe hukunipigia hata simu ya pole. Mama alituma gunia la mahindi na kuku wawili. Siku ile pale mlangoni ulisema "mkwe haingii", halafu ukaongeza kwa sauti ya chini, "tena huyu." Nilisikia lile "tena huyu." Kama mkwe angekuwa mtu wa kabila letu, wa Kimilili au Webuye, sijui kama fimbo ingelala pale muda wote huo.

Sasa nije kwenye wizi. Hakuna aliyemwiba Mama. Ilikuwa siku ya soko, wewe uko mnadani. Asubuhi ile alikuwa ameanguka tena jikoni, safari hii karibu na moto, na leso yake ikaungua pindo. Alipozinduka alijipangusa majivu, akavaa viatu vya kanisani, akachukua mkoba wake akatoka kwa miguu yake hadi barabarani. Wilkista alikuwa shambani, usianze kumsumbua. Mama alisimamisha gari la wauza vitunguu wanaokuja Kitale, wakamkalisha mbele. Bibi mwenye moyo unaosahau kupiga, peke yake, kati ya vitunguu. Hakuniambia mimi wala mtu yeyote.

Nilimkuta amesimama nje ya geti langu. Nikamwambia Mama, ingia. Akasema haingii, mkwe yuko ndani, ameona pikipiki yake. Jua kali, midomo imekauka, na bado anashika ile heshima ambayo wewe unasema tumeivunja. Nikaingia kumwambia Gachanja. Alikuwa anakula. Aliacha sahani, akachukua koti na mswaki, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapenya ua hadi kwa rafiki yake Mbogo. Ndipo Mama akaingia. Tangu siku hiyo mpaka leo Gachanja analala kwa Mbogo, kwenye kochi ambalo miguu yake inaning'inia. Mwenye nyumba hajalala nyumbani kwake. Ulipoandika kwamba Mama analala chini ya paa moja na mkwe wake, hukuuliza mtu yeyote. Uliandika tu.

Kila asubuhi kabla ya kazi Gachanja alikuwa anakuja kumpima Mama. Alikuwa anasimama ukumbini na mlango wa chumba umeegeshwa, na Mama anatoa mkono mmoja tu nje, umefunikwa leso hadi kwenye kifundo. Gachanja anashika mshipa, anatazama saa. Alikuwa ananiambia, muulize mama kama usiku alisikia kizunguzungu. Mama anasema kutoka ndani, mwambie kidogo. Wanasikiana vizuri kabisa na mimi nimekaa katikati kama mkalimani wa mahakama. Nilicheka mpaka nikatoka machozi, halafu nikalia kweli, kwa sababu nilikumbuka mlango mwingine.

Jumatano iliyopita, alipofika kumpima, Mama aliufungua mlango wote. Alikuwa amesimama, uso wazi, leso imefungwa kiunoni. Akamwita mwanangu. Akasema mimi ni mzee, mimi ndiye mama mkwe, na mila hii iliwekwa kwa ajili yangu, basi mimi ninayeheshimiwa nayo nasema leo inatosha. Akamnyooshea mkono. Gachanja alinitazama kwanza, hajui afanye nini. Kisha akaupokea kwa mikono miwili akainama. Hapakuwa na kondoo.

Jioni yake tulikuwa tunachambua maharagwe, nikamuuliza kwa nini. Nilidhani atasema ni kwa sababu Gachanja alimwokoa. Kaka, hapa ndipo nilipotaka ufike. Yote niliyoandika juu ulikuwa unayajua.

Mama alisema siku ile ya sherehe, wakati sisi sote tulidhani amezimia kitandani, hakuwa amezimia. Hakuweza kusema wala kufungua macho, lakini masikio yalikuwa mazima. Alisikia njuga nje. Alimsikia Gachanja akiomba. Na alikusikia wewe ukimwambia mume wangu kwamba kama ni kufa, afe na heshima yake, mama yako hataguswa. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji wakati huo, na Gachanja hajawahi kunitamkia neno hilo, hata nyumbani, hata alipokuwa na hasira. Nilipomuuliza, alisema mtu husema mengi akiwa na hofu, tuliache.

Mama hakuliacha. Amesema alilala pale akingoja useme neno lingine. Alijua una fimbo mlangoni, na akajiambia huyu ni mwanangu wa kwanza, atanihurumia sasa hivi, ataiondoa. Alikuwa anakuombea wewe, si moyo wake. Halafu akasikia gari la chifu na viatu vyako vikienda. Siku zote alizokaa kwako baada ya hapo, kila ulipomletea chai alikuwa anatazama mkono wako. Amesema aliondoka Chwele kwa sababu alikuwa anaogopa kuanguka tena na wewe ndiye uwe karibu.

Sikuongeza chochote. Ni maneno yake, na aliniambia niyaandike yalivyo, asije akafa Alhamisi nawe ukabaki unawaambia watu kwamba uligombania heshima yake. Gharama za Eldoret usihangaike nazo, hukuulizwa. Jumatano usije. Utakuta geti limefungwa, na wazee wako watakuwa wamesumbuka bure.

Wapwa zako wanakusalimu, wanauliza kama bado una ule ng'ombe mweupe. Wasalimie Wilkista na watoto, mwambie Derrick nyanya yake anamkumbuka na anafurahi kwamba amepona vizuri. Msalimie shangazi. Msalimie na Absalom, kwa upendo. Gachanja amesema nikusalimie, na nimeandika kwa sababu ni yeye aliyesema.

Mama yuko hapa kando yangu. Nimemuuliza kama ana salamu zake kwako. Amesema nikuandikie hivi. Akirudi kutoka Eldoret, uje. Uje peke yako, bila wazee na bila fimbo. Ukifika, usiingie. Ubishe mlango wa chumba chake kisha usimame hapo nje ungoje, mpaka yeye mwenyewe aseme uingie.

Nilimuuliza kama atasema. Ameinuka, ameingia chumbani kwake na kuuegesha mlango.

Ni mimi dada yako,
Nabwile